Tusikalie Kiti cha Hakimu Kando ya Jeneza

Maneno haya yalisemwa kwenye mkutano mkuu wa chama chetu cha kufa na kuzikana, hapa Mombasa. Waliokuwa safarini na waliokuwa zamu kazini waliomba yawekwe yote, nami nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Mwenyekiti, mama mweka hazina, wazee wangu, akina mama, na nyinyi vijana mliojibanza kule nyuma karibu na mlango: Bwana asifiwe! Na kwa ndugu zangu Wakatoliki: Tumsifu Yesu Kristo!

Mnajua kwa nini nimeitwa. Katika matanga ya majuzi jirani mmoja alisimama kuwafariji watoto wa marehemu, akawaambia, "Mama yenu yuko juu, anawatazama." Hajaketi sawasawa, mwingine akanyanyuka: "Ndugu zangu, tusiwadanganye watoto. Maandiko yasema wafu hawajui neno lolote. Mama amelala, anangoja." Wa tatu akaomba kipaza sauti. Huyo hakujali mama yuko wapi. Alitaka kujua kama mama alikuwa ameokoka. Na watoto wenyewe wameketi pale pale, wanageuza shingo, mara kwa huyu, mara kwa yule.

Wote watatu ni wanachama wetu. Wote watatu wamelipa michango yao, mweka hazina ananitikisia kichwa. Wote watatu walikuwa na Biblia mkononi. Ndipo kamati ikasema, aitwe mwalimu wa dini, amestaafu, hana kazi, aje atuambie Ukristo unafundisha nini hasa juu ya mtu akifa.

Haya, nimekuja. Nianze na lile ambalo hakuna kanisa hata moja humu ndani linalolikataa.

Mkatoliki akisali Kanuni ya Imani, anafikia mwisho na kusema: ufufuko wa miili, uzima wa milele. Mwanglikana hufikia pale pale. Mlutheri pale pale, Mmethodisti pale pale. Mwadventista, hata kama hamkariri kanuni hiyo ibadani, muulize anangoja nini, atakwambia anangoja asubuhi ya ufufuo. Mpentekoste atakwambia parapanda. Sasa nawauliza: mbona kwenye mazishi yetu neno hilo halisikiki? Tunasikia roho imepaa. Tunasikia mbinguni wamepata malaika mpya. Tunasikia Mungu alitaka ua zuri kwenye bustani yake akalichuma. Ua gani? Ni nani aliyewaambia Mungu anachuma watoto wa watu?

Mitume hawakupigwa mawe kwa kusema roho haifi. Wagiriki wengi walishazoea habari hizo. Someni Matendo ya Mitume, sura ya 17: Paulo yuko Athene, wenye elimu wanamsikiliza kwa utulivu kabisa, mpaka anapotamka kwamba kuna mtu amefufuliwa katika wafu. Hapo wakaanza kucheka. Ufufuo ndio uliowachekesha. Ufufuo ndio uliowaudhi. Na ufufuo ndio ambao sisi tumeuficha chini ya maua.

Wakorintho nao walimsumbua Paulo: wafu wafufuliwaje? Waje kwa mwili gani? Akawajibu bila kuwabembeleza: "Ewe mpumbavu! Uipandayo haihuiki, isipokufa." Mkulima wa Kilifi anapofukia punje ya mahindi hatarajii kuiona punje ile ile ikichungulia udongoni. Anatarajia mhindi mzima, majani na kigunzi na ndevu zake. Lakini hakuna anayepanda hindi akavuna mbaazi. Ni yule yule, naye amekuwa mwingine. Paulo hakueleza zaidi ya hapo, na mimi sitajitia kueleza.

Ndiyo maana tunauosha mwili wa marehemu. Ndiyo maana tunauvika nguo, tunausindikiza, tunauombea. Tungekuwa tunaamini kwamba kilicho na thamani kimekwisha kuruka, hii kazi yote ingekuwa ya nini?

Ila hapo hapo kuna mtego, nao unatugusa sisi wa chama hiki mfukoni. Naomba niwape kisa cha mama mmoja Mwafrika. Aliitwa Monika, wa Thagaste, mji ambao leo uko Algeria. Mumewe Patricius alipofariki, Monika alijiwekea kaburi pembeni yake, na kwa miaka mingi hilo ndilo lililokuwa shauku yake: wazikwe pamoja nyumbani. Mwaka 387 akawa Ostia, bandari ya Roma, pamoja na wanawe, wakingoja meli ya kurudi Afrika. Akashikwa na homa. Mwanawe mmoja akasema ingekuwa heri mama afie kwao kuliko ugenini. Yule mama akamtazama kwa jicho kali. Akasema: uzikeni mwili huu popote, usiwasumbue, ninaloomba ni mnikumbuke kwenye altare ya Bwana, popote mtakapokuwa. Na watu walipomuuliza kama haogopi kuuacha mwili wake mbali hivyo, akajibu kwamba kwa Mungu hakuna mbali, wala hana hofu kwamba siku ya mwisho Mungu atashindwa kujua pa kumfufulia. Mwanawe mwingine, Agostino, ambaye baadaye alikuwa askofu na mwalimu mkubwa wa Kanisa, ndiye aliyetusimulia. Monika akazikwa Ostia. Alikuwa na miaka 56.

Hakusema mwili hauna maana. Alisema Mungu anajua njia ya kufika Ostia.

Sasa sisi. Wenye umri wangu mnaikumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno. Alifariki Nairobi Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, akataka kumzika kwenye shamba lao la Ngong, karibu na Nairobi. Ukoo ukasema Mjaluo huzikwa kwao. Mahakama hii, mahakama ile, nchi nzima imegawanyika, na mwili uko mochari. Alizikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987. Miezi mitano! Sitaki kuifungua kesi upya, mahakama ilishaamua. Ila jiulize, katika miezi hiyo mitano, ni nani aliyekuwa na wasiwasi kwamba Mungu asingeuona mwili ule Ngong, au asingeuona Siaya?

Tena nisieleweke vibaya. Kutamani kulala na wako ni jambo la heshima, limo hata katika Mwanzo: Yusufu aliwaapisha ndugu zake waipandishe mifupa yake kutoka Misri. Mwenye uwezo wa kukodi gari mpaka bara, akodi. Lakini familia isiyo na uwezo isikope ikaja kuuza shamba kwa sababu mmeiambia marehemu hatapumzika akizikwa Mombasa. Hilo Ukristo haujui. Majirani zetu Waislamu humsitiri mtu wao upesi, mara nyingi siku ile ile, na hatujasikia wakilaumiwa kwamba hawakumpenda. Kamati ya mazishi, nimemaliza upande huo, msinune.

Twende kwenye swali lililowagombanisha. Kati ya leo tunapozika na siku ile ya parapanda, marehemu yuko wapi?

Msidhani ubishi huu ulianzia kwenye matanga yetu. Sikukuu ya Watakatifu Wote, mwaka 1331, mjini Avignon ambako mapapa walikuwa wakiishi wakati huo, Papa Yohane wa 22 alihubiri kwamba roho za watakatifu bado hazimwoni Mungu uso kwa uso, na hazitamwona hivyo mpaka siku ya hukumu. Papa huyo! Wanateolojia wa Paris wakaja juu. Mfalme wa Ufaransa naye akajitosa. Mzee alikuwa anakaribia miaka 90, na alisema hayo ni maoni yake, hajaweka sheria. Desemba 1334, akiwa kitandani pa kufa, akayarudisha maneno yake mbele ya makardinali. Aliyemfuata, Benedikto wa 12, akafunga shauri mwaka 1336: roho zilizokwisha kutakaswa zinamwona Mungu tangu sasa, kabla hata ya ufufuo. Ndivyo Wakatoliki wanavyofundisha hadi leo. Lakini oneni, swali lile lile lililowasimamisha watu kwenye matanga lilimsumbua Papa mpaka kitandani pa kufa. Basi tuvumiliane kidogo.

Na toharani je? Hapa Waprotestanti wengi huwasingizia Wakatoliki. Toharani haifundishwi kuwa nafasi ya pili kwa aliyemkataa Mungu. Aliye toharani, kwa mafundisho ya Wakatoliki, amekwisha kuokoka. Anasafishwa ili aingie. Ndiyo maana wanaombea marehemu na kutoa nia za Misa, na wanataja kitabu cha pili cha Makabayo, sura ya 12, ambapo Yuda Makabayo, jemadari wa Wayahudi, alichanga fedha kwa watu wake, drakma 2,000 hivi, akazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya askari waliokufa vitani. Mama mweka hazina, unaona? Harambee ya marehemu haikuanza Kenya. Waprotestanti nao hujibu kwamba kitabu hicho hakimo katika Biblia yao, na kwamba damu ya Kristo imetosha. Wana sababu yao nzito: ugomvi wa mwaka 1517 wa Martin Luther, yule mtawa Mjerumani aliyeanzisha Uprotestanti, uliwaka hasa kwa sababu watu walikuwa wakiuziwa vyeti vya rehema kwa ajili ya wafu wao. Waothodoksi huombea wafu sana, ila hawakulikubali fundisho la toharani kama Roma inavyolieleza.

Waadventista mnasema mtu amelala, hajui kitu, mpaka Yesu atakapomwita. Wenzenu hudhani ni jambo lililozuliwa juzi Marekani. Hapana. Luther mwenyewe mara nyingi alizungumza juu ya kifo kama usingizi. Na John Calvin, kiongozi mwingine wa Waprotestanti wa mwanzo, mwaka 1534, akiwa kijana, aliandika kitabu kizima kulipinga fundisho hilo hilo. Mtu hapingi jambo ambalo hakuna anayeliamini. Mhubiri 9:5, lile neno kwamba wafu hawajui neno lolote, imo katika Biblia ya kila mmoja wetu. Lakini Wafilipi 1:23 nayo imo, Paulo akitamani kwenda zake akakae na Kristo, "maana ni vizuri zaidi sana." Na neno la Yesu kwa mwizi msalabani, "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi," limo.

Mkinibana, mimi nasimama na Wafilipi. Naamini aliyekufa katika Kristo yuko na Kristo. Nimekwisha kusema, mtu asiondoke akidai mwalimu alikwepa. Lakini nimewazika Waadventista, nimeketi na wajane wao, na sikuona tumaini lao likiwa dogo kuliko langu. Kwao, aliyelala hana saa ya kungoja. Anafumba macho hospitalini, anayafumbua Yesu akimwita jina. Kama ni hivyo, wewe na mimi tunagombania nini mbele ya watoto yatima? Tunagombania kipindi ambacho marehemu mwenyewe, kwa imani yako au kwa imani yangu, yuko mikononi mwa Mungu.

Sasa la tatu, lenye makali. Ni nani anayeokoka?

Yule ndugu aliyeomba kipaza sauti hakuwa mtu mbaya. Nyuma yake kuna imani ya kweli kabisa: kwamba mtu huokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, "wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu." Waefeso 2. Kwa muda mrefu Wakatoliki na Walutheri walilaaniana juu ya jambo hilo, mpaka tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, walipotia sahihi tamko la pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa kuiamini kazi ya Kristo, wala si kwa stahili yetu, na kwamba neema hiyo ndiyo inayotuita kutenda mema. Wamethodisti wakajiunga mwaka 2006. Hayo yamesainiwa, jamani, na sisi huku bado tunarushiana vijembe.

Lakini neema ikiwa ni neema, nani amekupa daftari lake?

Mwizi pale msalabani hakubatizwa. Hakulipa fungu la kumi. Hakushuhudia hata Jumapili moja. Alisema, "Ee Yesu, nikumbuke utakapoingia katika ufalme wako," na mchana ule ule akaahidiwa pepo. Fikirini mama yake mzazi, kama alikuwa hai, kama alikuwa mbali na ule msalaba hakusikia lile neno. Angeenda kaburini akiamini mwanawe amepotea. Nani angeweza kumwambia tofauti?

Hapa kwetu, mwaka 1844, mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa na mkewe Rosine. Julai ya mwaka ule ule Rosine akafa kwa homa baada ya kujifungua, na kitoto kikamfuata. Kaburi liko upande wa Nyali, wengi wenu mmepita karibu nalo mkiwahi kazini. Krapf akakaa akihubiri Rabai mwaka baada ya mwaka, na mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa nani? Mzee wa kaya? Tajiri? Alikuwa Mringe, mtu mwenye ulemavu, aliyebatizwa akiwa mgonjwa wa kufa. Hakuishi hata kulijenga kanisa. Hesabu za kibinadamu zingesema misheni ile ilipata hasara tupu.

Kuna aliyekufa bila hata maji. Mwaka 392 mfalme wa Roma, Valentiniano wa Pili, kijana wa miaka 21, alimwita Askofu Ambrosi wa Milano aje ambatize. Ambrosi akiwa njiani, kijana akafa. Dada zake wakalia kuliko kawaida: kaka yetu amekufa hajabatizwa! Ambrosi akasimama kwenye mazishi akawaambia, kwa ufupi, kwamba aliiomba neema, na kwa sababu aliiomba, ameipata. Na tarehe 3 Juni 1886 kule Namugongo, Uganda, Wakatoliki na Waanglikana walipochomwa moto pamoja kwa amri ya Kabaka Mwanga, Karoli Lwanga alikuwa amekwisha kuwabatiza wenzake kadhaa siku chache kabla. Mukasa Kiriwawanvu hakuwemo. Alikufa angali mkatekumeni, yaani mwanafunzi wa dini anayengoja ubatizo. Mwaka 1964 Papa Paulo wa 6 alipowatangaza watakatifu 22 wa Uganda, Mukasa alikuwa mmoja wao.

Akina mama, naomba niseme na nyinyi peke yenu hapa. Kuna miongoni mwenu waliopoteza kichanga kabla hakijabatizwa. Wengine mliambiwa maneno. Wengine kichanga kilizikwa kimyakimya nyuma ya nyumba, bila wimbo, bila padri wala mchungaji, na hakuna aliyewaletea hata chai. Makanisa mengi ya Kiprotestanti hayafundishi kwamba watoto hao hupotea. Kwa Wakatoliki kulikuwa na maelezo ya zamani ya limbo, yaani mahali pasipo mbinguni wala pa mateso, ambayo hayakuwahi kufanywa fundisho la lazima. Na mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia ya Vatikani ilitoa waraka kusema kuna sababu nzito za kutumaini kwamba watoto hao wameokolewa na Mungu. Mama, mtoto wako alikuwa mtu. Na katiba ya chama hiki, mwenyekiti, haisemi chochote juu ya kichanga. Naomba kamati ikaliangalie hilo, kichanga nacho kizikwe na chama.

Mtu asije akatoka hapa akasema mwalimu amefundisha hakuna hukumu. Hukumu ipo. Mathayo 25 ipo: nalikuwa na njaa, nalikuwa uchi, nalikuwa kifungoni. Mtu akifa akiacha deni la damu, dhuluma ya shamba la mjane, rushwa ya maisha yote, hatuzifuti kwa kuimba pambio juu ya jeneza. Walio hai waambiwe wazi. Waambiwe Jumapili, waambiwe wakiwa na afya, waambiwe wakiwa na nafasi ya kurudisha walichochukua. Marehemu hana tena la kurekebisha, na watoto wake hawana la kukujibu. Hakimu yupo, tena anamjua yule mama tangu tumboni. Kiti chake hakijawa wazi hata siku moja.

Basi tukifika kwenye matanga, tusemeje? Kwanza tusiseme sana. Marafiki wa Ayubu huwa tunawalaumu, lakini wana siku zao saba za sifa: waliketi naye chini, mchana na usiku, hakuna aliyefungua kinywa, kwa kuwa waliona uchungu wake ni mkuu. Walipoanza kutoa maelezo ndipo walipoharibu. Na lile neno "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa", aliyelisema ni Ayubu mwenyewe, juu ya watoto wake mwenyewe. Hakuambiwa na jirani. Mfiwa akilisema, sema amina. Asipolisema, usimwekee mdomoni.

Yesu mwenyewe, akijua kabisa kwamba dakika chache baadaye atamtoa Lazaro kaburini, alilia machozi. Hakuwaambia Martha na Mariamu wanyamaze kwa sababu ana mpango. Paulo naye hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika; aliwakataza kuhuzunika kama watu wasio na matumaini. Kwa hiyo wanaume, lieni. Acheni kuwaambia vijana wa marehemu wajikaze.

Kisha mtu mmoja, aliyeombwa na familia, asome. Asome Yohana 11, asome Wakorintho wa Kwanza 15, aseme: tunangoja ufufuo. Hilo Mkatoliki ataitikia, Mwadventista ataitikia, aliyeokoka ataitikia. Pendekezo langu kwa mkutano ni kwamba liandikwe kwenye kanuni zetu za mazishi: kipaza sauti ni cha msomaji na cha familia, na swali la kama marehemu aliokoka halitaulizwa na mwanachama yeyote mpaka matanga yaanuliwe.

Naona mzee wetu wa Kiadventista amenyoosha mkono tangu nilipomtaja Luther, na mama mmoja Mkatoliki wa Jumuiya ana jambo juu ya toharani. Mwenyekiti, wapeni kipaza sauti. Mama kwanza.